Besi ya Ng'ombe Mwenye Miwani

Wivu ulikuwa umemshika Anyona pabaya, na mtu asikudanganye kwamba ule ulikuwa uhakiki. Kila Jumatatu asubuhi ndiye aliyechambua filamu katika redio moja ya mjini Kisii, na wiki hiyo alikuwa amejiapiza: filamu ya Mokua lazima ife.

Mokua! Yule yule waliyeimba naye kwaya ya kanisa huko Kebirigo. Sasa kaibuka na filamu ambamo watu hawaongei, wanaimba tu mwanzo hadi mwisho, magitaa yananguruma, obokano ya babu yake, kile kinubi kikubwa cha Wagusii, imeunganishwa na spika inalia kama msumeno, na ng'ombe mwenye miwani anawaongoza wachuma chai kugoma. Jamani! Gazeti moja la Nairobi likaiita wazimu mtupu. Jingine likasema ni wazimu tuliokuwa tukiungoja. Anyona alilisoma la kwanza mpaka akalikariri, la pili hakulimaliza.

Kilichomuuma zaidi hakukisema. Mwaka jana Mokua alimpigia simu aje aimbe besi ya huyo ng'ombe. "Mimi? Niwe ng'ombe?" Anyona akacheka, akakata simu. Nafasi ikaenda kwa kijana mmoja wa Nyamarambe.

Jumapili mchana akaenda kuiona, yeye na mkewe Nyaboke, katika ukumbi wa shule huko Kebirigo, madirisha yamezibwa kwa magunia. Ni ukumbi ule ule ambamo Wasabato huabudu Jumamosi, maana kanisa lao bado linajengwa.

Watu wakatulia tuli. Ng'ombe akaimba, kimya. Wachuma chai wakagoma, kimya. Mzee Osoro peke yake ndiye aliyeuliza kwa sauti kama huyo ng'ombe anakamuliwa, akanyamazishwa. Anyona raha tele! Imeanguka, akajiambia, huku akitunga maneno ya Jumatatu.

Mwishoni magitaa yakanyamaza, wachuma chai wakaanza kuimba polepole kwa sauti nne. Sasa, watu wa pale wakisikia sauti nne za polepole katika ukumbi ule, wanajua ibada inafungwa, na wimbo wa kufunga hauimbwi watu wamekaa. Isitoshe, besi ya yule kijana ilikuwa nyembamba, inatia huruma. Anyona hakuweza kuvumilia. Akasimama wa kwanza, koo likafunguka lenyewe, na kiitikio kiliporudi akakishika kutoka chini kabisa. Mabenchi yakagongana, kofia zikavuliwa, ukumbi mzima ukasimama ukiimba mbele ya ng'ombe mwenye miwani. Mzee Osoro akainamisha kichwa kungoja baraka.

"Amina!" wakasema wote.

Giza lile limenificha, Anyona akajipa moyo. Jumatatu akakaa mbele ya maikrofoni.

"Msikilizaji, filamu hiyo imekufa na haina wa kuizika. Watu wa Kebirigo walikaa kama maji mtungini. Hakuna aliyetikisika!"

Simu ikalia studioni. Ni Purity, wa Nyaramba.

"Mtangazaji, habari ya asubuhi. Nina video hapa. Huyu aliyesimama wa kwanza, amefumba macho, mkono kifuani, anaimba mpaka mishipa inamtoka, si ni wewe?"

Anyona akaomba wimbo upigwe. Haukusaidia kitu. Kufikia mchana video ilikuwa kwenye kila simu kutoka Kisii hadi Nyamira, na watu walikuwa wakiulizana filamu itaonyeshwa wapi tena. Sokoni akina mama walimsalimia kwa kulia kama ng'ombe.

Alirudi nyumbani na hasira zake. Nyaboke alikuwa akimenya ndizi, simu imeegemezwa kwenye sufuria, besi ya Anyona inajaza jikoni.

"Izime, Mama Bravin."

"Ngoja iishe." Akasikiliza hadi Amina. "Baba Bravin, huyo kijana wa Nyamarambe hakufikii hata robo. Mokua alijua anayemtaka."

Mwaka mzima Anyona alikuwa ametamani mtu amwambie hivyo. Akavuta kiti, akakaa, akashindwa kumwangalia mkewe.