Vipimo vya Kaka

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, kaka mtu aliingia chumba cha mbele cha dada yake mdogo, fundi nguo, na koti kuukuu mkononi. Alitaka suti ya kuvaa siku atakayoagwa kazini, ikatwe kama lile koti. Fundi, mwenye miaka hamsini na sita, alikuwa na miezi mitano tu tangu aache kugonga mihuri kwenye ofisi aliyotiwa na huyohuyo kaka akiwa na miaka kumi na tisa. Cherehani bado ilikuwa na nailoni ya dukani.

"Uzee nao unataka kitu cha kuchezea," kaka alisema, akiikagua.

"Inua mikono, kaka."

Mteja akipimwa huku amebana pumzi, koti humkaba baadaye. Ndiyo maana fundi humwongelesha. Alimuuliza habari za ofisini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kaka alijibu, akawasema wenzake mmoja mmoja mpaka futi ikamaliza mabega. Kifua, inchi arobaini na nne.

Mchana fundi alifumua bitana ya lile koti ili apate mkato wake. Begani palikuwa na bahasha iliyokunjwa mara nne, imeshikizwa kwa mishono mirefu ya mtu asiyejua sindano. Ndani mlikuwa na barua ya chuo cha ushonaji yenye jina la fundi mwenyewe, ya miaka thelathini na saba iliyopita: amechaguliwa, afike tarehe mosi na mkasi wake. Wiki saba aliisubiri barua hiyo. Ufunguo wa sanduku la posta alikuwa nao kaka, na kila jioni kaka alianza kutikisa kichwa tangu getini.

Aliitia kwenye droo ya cherehani.

Alhamisi kaka alikuja kujaribu suti. Fundi akampima upya.

"Hivi kaka, ile barua yangu ya chuo iliishia wapi?"

"Barua gani? Haikuja. Na hata ingekuja, bila mimi si ungekuwa unatia viraka mpaka leo?"

Futi ikasoma arobaini na mbili. Suti ilimpwaya. Fundi akaandika kwenye daftari, akampa siku nyingine.

Wiki zilizofuata, kila alipokuja aliulizwa, na kila alipojibu alipungua. Thelathini na tatu. Ishirini. Kumi na moja. Ofisini walimwekea mto kwenye kiti, baadaye mito miwili. Mkewe hakulalamika, isipokuwa juu ya viatu.

"Wifi, kitambaa kitakachobaki nishonee sketi," alisema.

"Kitabaki tu, wifi."

"Lakini si uache kumuuliza?"

"Asipoongea anabana pumzi."

Fundi alitaka kusikia neno moja: niliificha. Siku angelisema, angeshona kwa kipimo cha siku hiyo na kumwacha hapo. Angeweza pia kumuuliza habari za hali ya hewa. Hakumuuliza.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuagwa, wifi alimleta kwenye mkoba, kati ya leso na funguo, akamsimamisha mezani. Fundi alifungua droo, akatoa barua, akainyoosha kwa kiganja, akamwinua kaka yake kwa vidole viwili na kumweka juu yake. Kila herufi ilikuwa na urefu wa kiatu chake. Aliisoma kwa miguu, mstari kwa mstari, akaenda mpaka kwenye sahihi na kurudi. Ilichukua muda. Wifi alitafuta chaja. Fundi alingoja, mkasi uko wazi mkononi.

"Kaka. Ile barua iliishia wapi?"

Kaka alisimama katikati ya jina la dada yake, akarekebisha tai.

"Nishakwambia, mdogo wangu. Haikuja."

Fundi aliutua mkasi. Futi haikufaa tena, kwa hiyo akachomoa pini ampimie hiyo.

"Inua mikono, kaka."