Kana ya Akiba

Mdogo wangu nyumbani tunamwita Baadaye, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mwenye boti ya matanga alipotafuta nahodha mpya, mimi, fundi niliyemshonea matanga miaka kumi na mmoja, ndiye niliyefungua domo nikamsifia huyu. Akakubali kwa sharti moja: safari ya kwanza, siku nne, niende naye, na tukifika niandike kwa mkono wangu kama anafaa au hafai. Mdomo uliponza kichwa.

Kabla ya kung'oa nanga nilimuuliza kana ya akiba iko wapi. Kana ni mkono wa chuma unaochomekwa juu ya usukani, ule ubao wa majini unaogeuza boti, ili uushike moja kwa moja, gurudumu la kuendeshea likishindwa kazi. Ilikuwa chini ya godoro. Nikamwambia aitoe, aiweke mahali ambapo hata kipofu ataiona. Akasema baadaye.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, upepo ulichachamaa. Nilimwambia tupunguze tanga kubwa, akasema baadaye, na tulipokuja kulipunguza mawimbi yalikuwa yanatupiga mpaka kifuani. Kushona tanga ninakujua. Kulikunja huku boti inarukaruka ni balaa jingine, na kucha zangu mbili zilibaki huko.

Ndipo waya wa usukani ukakatika. Gurudumu likazunguka bure mikononi mwa Baadaye. Upande wa kulia kulikuwa na miamba, na upepo ulikuwa unatupeleka huko bila kutuuliza.

"Kana iko wapi?"

"Nimeiweka vizuri, dada. Ukutani, kando ya ngazi."

Nikashuka. Kando ya ngazi niliona makoti, taulo na mfuko wa vitunguu. Nikainua magodoro, nikafungua makabati, sahani zikanimwagikia miguuni. Nikapanda kumwambia haipo. Akasema ipo. Nilichoka naye, nilichoka kabisa, nikamtolea yote niliyoyafungia moyoni tangu utotoni: baiskeli ya baba aliyoiacha nje ikaliwa na kutu, kazi tatu alizofukuzwa, na kwamba ripoti yake nimeshaiandika kichwani, ina neno moja tu.

Hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti na kamba ya tanga la mbele mkononi, anaivuta na kuilegeza, anajaribu kutusogeza mbali na miamba kwa tanga peke yake. Ilikuwa inasaidia, lakini kidogo.

"Andika sifai, sawa," akasema. "Lakini shuka tena. Usitazame, papasa."

Nikapapasa. Nyuma ya koti langu la mvua, chini ya taulo yangu na vitunguu nilivyotundika mwenyewe, vidole viligusa chuma. Kana ilikuwa imelala juu ya ndoano mbili mpya, imepakwa rangi nyekundu. Siku ya kwanza nilimpigia kelele kutoka chini kwamba hapo ukutani kafanya jambo la maana, naye akaitikia asante. Mwenzangu alidhani nasifia kana, kumbe mimi sikuitambua kwa rangi ile mpya, nasifia fimbo ya kutundikia nguo. Waliosema nyani haoni kundule walikuwa wananifahamu.

Tuliichomeka, tukaishika wawili, mabega yakigongana, mpaka miamba ikabaki nyuma yetu.

"Mbona hukuniambia nguo zangu zimeifunika?"

Akafuta chumvi machoni. "Nilitaka kukuambia tangu juzi, dada. Nikasema baadaye."

Sikuwa na nguvu ya kumpiga, na mikono yote ilikuwa na kazi.

Tulipofika, mwenye boti alinipa karatasi papo hapo. Niliandika anafaa. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo, ambapo ningepaswa kueleza kwa nini kana ilichelewa kupatikana, nikaiacha wazi. Akaniuliza nitaijaza lini. Mdogo wangu alikuwa kando, anakunja kamba, na nina hakika alinisikia nikijibu: baadaye.