Chanya Kwenye Fremu

Moshi ulianza kutoka chini ya kiti, na baba bado ameshika spana yake, anatabasamu. "Tayari," alisema. "Jaribu taa."

Nilimsukuma pembeni kwa nguvu ambayo sikuwahi kuitumia kwake, nikang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Kidole kiliungua. Kidhibiti cha umeme kilikuwa kimeshakufa, na nyaya zimeyeyuka hadi kwenye taa. Fyuzi nilikuwa sijaifunga. Nilisema nitaifunga kesho.

Jana yake nilijiona fundi kwelikweli. Pikipiki ya baba, chuma cha Kiingereza kilichonitangulia kuzaliwa, ilikuwa na taa ya njano isiyofaa hata kutafutia kandambili. Nikaitoa kwenye volti sita, nikaipeleka kumi na mbili, na taa mpya nyeupe. Vifaa vya kisasa vinataka hasi ya betri ifungwe kwenye fremu. Pikipiki zile za zamani ni kinyume: chanya ndiyo inayokwenda kwenye fremu. Nikageuza, hasi ikaenda kwenye fremu.

Nilimwambia baba wakati wa chai ya jioni. Nikamwonyesha waya kwa waya. Akaitikia kwa kichwa, "Sawa, mwanangu," nami nikaridhika, kana kwamba sikujua kuwa siku hizo kichwa kile kilikuwa kinaitikia kila kitu.

Maana baba alikuwa anasahau. Jina la marehemu mama lilikuwa limeshamtoka. Choo alikitafuta ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Lakini kila jioni aliifungua betri na kuiweka rafuni, na kila asubuhi aliirudisha, chanya kwenye fremu, bila kukosea hata siku moja. Mimi na dada tulisikiliza spana ikigonga huku tukinywa chai, na moyo ukatulia: leo bado yupo.

Asubuhi ile aliona nyaya za betri zimegeuzwa, akanisahihishia: chanya kwenye fremu. Hakukosea. Kitu cha mwisho alichokuwa na uhakika nacho, mimi ndiye niliyekigeuza kuwa kosa.

"Nimeiua?" aliuliza, akiutazama moshi.

"Hapana, baba. Ni mimi."

"Usinidanganye. Nimeifunga mimi."

Nilihangaika siku tisa kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa: nyaya za zamani, volti sita, taa ya njano. Dada alisema najisumbua bure. Nikamkatalia, tukagombana hadi tukanuniana. Asubuhi ya siku ya kumi nilimwita baba bandani, nikampa betri mikononi.

Aliipokea. Akaigeuza huku na huku, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. Kisha akanirudishia kwa adabu, kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu baki kitu chake.

"Shika, fundi," aliniambia. "Mimi mambo haya siyajui."