Ganzi Chini ya Mbavu

Mjomba wangu Jufrizal alikuwa na vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na kwa muda mrefu alivificha kama mtu anavyoficha mke wa pili. Kila akila mchuzi mzito wa nazi kwenye harusi alizoalikwa kupiga saluang, alirudi nyumbani amejikunja, kashika ubavu wa kulia, akidai ni gesi tu.

Kisu cha upasuaji hakukiogopa. Aliogopa kupoteza pumzi. Saluang ni filimbi ya mwanzi isiyopumzishwa: mashavu yanasukuma hewa nje huku pua ikivuta nyingine, na sauti haikatiki mpaka wimbo uishe. Binamu yake Zainal, naye mpigaji, alitolewa nyongo enzi zile za mkato mrefu. Maumivu yakamfanya apumue juujuu, kifua kikajaa makohozi, na tangu hapo hakumaliza tena wimbo hata mmoja.

Asubuhi alipoanguka jikoni kwetu, mama yangu, ambaye ni dada yake, hakumwuliza tena. Alimfungia shuka na kandambili akaniambia, "Des, mpeleke mjomba wako." Kwetu mjomba hutunzwa na watoto wa dada yake, kama naye alivyotutunza sisi.

Hospitalini, mjini Padang Panjang, ukungu uliingia mpaka kwenye veranda. Daktari wa usingizi, binti mmoja aitwaye Fadhila, alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Baba, unaogopa nini hasa?"

"Pumzi."

"Unaogopa kufa?"

"Kufa ni kwa Mungu. Mimi nauliza pumzi ya filimbi."

Daktari hakucheka. "Tunatoboa matundu madogo tu. Tumbo tunalijaza hewa liinuke, mpasuaji apate kuona. Kabla ya kufunga, tunamwagia ganzi pale nyongo ilipokuwa imelala, na juu zaidi, chini ya ile nyama inayotenga tumbo na kifua. Matundu nayo tunayachoma ganzi. Saa zako za kupumua bila maumivu ni zile za mwanzo ukiamka. Vuta pumzi mpaka chini, usiibane."

"Na ganzi ikiisha?"

"Patauma. Na bega la kulia pia, kwa sababu ya ile hewa. Tutakupa vidonge."

"Nyongo iko tumboni. Bega limeingiaje?"

"Na mimi nilimwuliza mwalimu wangu hivyohivyo," alisema, na mjomba akamwamini hapohapo.

Alirudishwa wodini alasiri, mvua ikinyesha polepole juu ya mabati. Alifumbua macho, akapapasa blanketi.

"Des, tumbo langu liko wapi?"

"Lipo, Mjomba."

"Ni kama mashamba ya mpunga yamefunikwa ukungu. Najua yapo, ila sioni tuta hata moja."

Akavuta pumzi, kwa woga kwanza. Ikashuka. Akavuta nyingine, ikashuka zaidi, akanitazama kama mtoto aliyeona mlango umeachwa wazi.

Ndipo akaingia Bi Yusmaniar na mwavuli unaochuruzika. Huyo ndiye mwimbaji wake tangu ujana wao; mmoja akialikwa, mwingine yumo.

"Huyu ndiye niliyeambiwa yuko taabani? Mbona anachekacheka kama bwana harusi?"

"Yus, wamenitoa nyongo."

"Alhamdulillahi. Sasa labda maneno yako yatapungua uchungu."

"Nipe saluang yangu."

"Nikupe ushonwe upya? Lala hapo."

Lakini alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuimba kwa sauti ya chini sana, ule wimbo wa mtu aliyehamia mbali na kuota paa la kwao. Mashavu ya mjomba yakajaa. Pua ikavuta. Vidole vikaanza kutembea kwenye pindo la shuka, vikifunga na kufungua matundu yasiyokuwepo, na kifua kikapanda na kushuka bila kukwama popote. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa. Daktari Fadhila alikuja mpaka mlangoni, akasimama, hakuingia. Mvua na wimbo vilikuwa kitu kimoja, na mimi mwenyewe sikujua tena kama nimeamka au nimelala.

"Zainal yuko dirishani," mjomba alisema baadaye kama anayeota, macho yamefumbwa. "Miguu yake iko nje, mvua inaipiga. Ananiambia vuta."

"Basi vuta," Bi Yusmaniar akamjibu, na akaendelea kuimba.

Magharibi ganzi ilianza kuondoka. Mjomba alikunja uso.

"Des, kuna mtu kanikalia begani."

Nesi alileta vidonge. Machozi yalimtoka, na alipotaka kukohoa alijizuia. Bi Yusmaniar akambana mto tumboni kwa mikono miwili, mishono isivutike.

"Kohoa."

"Naumia, Yus."

"Najua. Kohoa, mzee wa kudeka wewe."

Akakohoa. Na aliendelea kuvuta pumzi mpaka chini hata ilipouma, kwa sababu sasa alijua njia ipo.

Kifua chake kilibaki kisafi. Alipopona walialikwa harusi huko Batipuh, nami nikawasindikiza. Sauti ya filimbi haikukatika hata mara moja, ila nilimwona shingo imetuna mishipa, jasho likimtoka. Kabla wimbo haujafika ubeti wa mwisho, Bi Yusmaniar aliufunga, akawaambia wenyeji koo lake limekauka.

Garini mjomba alimgeukia. "Koo lako halina lolote."

"Halina."

"Mbona umekatisha?"

"Nimezeeka, kaka. Au kuzeeka nako nikuombe ruhusa?"

Mjomba alitazama nje, kwenye mashamba yaliyojaa maji na mawingu. Kisha akaniambia nifunge dirisha, upepo usimpige Yus.