Sentensi ya Kila Asubuhi

Mwalimu Amédée alikuwa na hasira za karibu, na alizijua. Siku alipompiga mwanafunzi hadi damu ikamtoka puani, aliona aibu, na Jumapili akakaa benchi la mwisho kanisani. Ndipo akakumbuka kozi ya falsafa aliyosoma zamani kule Lubumbashi, na wale Wastoa, wanafalsafa wa kale waliosema kwamba mtu hatawali yanayompata, anatawala moyo wake tu.

Akanunua daftari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, aliandika kosa moja la jana na namna ya kulirekebisha leo. Chini yake, kama Wastoa walivyoshauri mtu ajikumbushe kifo cha ampendaye, aliandika sentensi isiyobadilika: "Glodie anaweza kufa leo."

Glodie alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka minane, mwenye kuuliza maswali hadi chakula kikapoa. Zamani Amédée alikuwa akimfukuza mezani. Sasa aliweka kalamu chini, akamjibu. Hata kumsuka nywele alijifunza, tena vibaya, majirani wakacheka. Kwa miaka miwili hakuinua mkono juu ya mtoto yeyote. Mkewe, Émerence, aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba Mungu amembadilisha mume wake.

Mwezi wa tatu, malaria ilimpanda Glodie kichwani. Siku tatu tu. Alifariki mchana, mvua ikinyesha.

Kwenye matanga Amédée alipanga viti, akapokea wageni, akaishukuru kwaya. Chozi halikumtoka. Watu walimsifu kwa imani yake. Yeye aliusubiri ule utulivu aliokuwa amejizoeza, lakini hakuupata. Alichokuta kifuani ni utupu, kama nyumba iliyohamwa.

Wiki ya pili, Émerence alipokuwa akikunja nguo za mtoto, alilikuta daftari, akalifungua. Alimfuata mumewe uani, akalibwaga miguuni pake.

"Baba Glodie, njo nini hii? Kila siku ulikuwa unaandika mutoto wetu atakufa?"

"Niliandika anaweza..."

"Miye napiga magoti namuombea maisha, weye uko pembeni unaandika kifo yake!"

"Mama Glodie, unisikilize. Niliandika ili nisimufokee. Nikikumbuka anaweza kwenda, ile siku namupenda muzuri."

"Na sasa? Ilikusaidia?"

Amédée alitaka kueleza.

"Hapana," alisema. "Hata kidogo."

Akakaa kwenye matope na kulia kwa sauti, mwanamume mzima, majirani wakichungulia. Émerence aliketi karibu naye. Hakumgusa.

Kesho yake Émerence alifunga mizigo. Lori la wachuuzi wa samaki lilikuwa likirudi Kinkondja, kando ya ziwa, walikoishi wazazi wake.

"Najua haukumuua," alimwambia mlangoni. "Lakini nikikuona, naona ile maandiko."

"Utarudi lini?"

"Sijue."

Tangu hapo Amédée humpigia simu kila Jumamosi. Hupokea mama mkwe, akasalimia kwa upole, akasema Émerence yuko ziwani anaanika samaki. Amédée hushukuru, huuliza hali ya mvua kule, kisha hukata. Mwaka unaelekea kwisha, na bado hajaisikia sauti ya mkewe.