Pijo Haitoki Bila Ruhusa

Pijo ilikuwa imekwisha fika langoni, inaburutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la vyuma chakavu, na kuku bado amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma kama abiria aliyelipa nauli yote. Afia Dufie aliutupa mchi, akatoka mbio jikoni, mikono imejaa fufu, ugali wa kutwangwa.

"Simamisha! Iddrisu, simamisha lori!"

Iddrisu akatoa kichwa dirishani. "Dada, mimi nimetumwa tu. Mwenye mali yule pale."

Mwenye mali alikuwa Kwaku Dwomo, binamu yake, amesimama kivulini na shati lake la mjini. Kwa Waasante wa Ghana mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Kwa hiyo Mzee Ampem alipofariki, Dufie bintiye alirithi magoti mabovu, na Dwomo mpwa akarithi shamba la kakao na ile Pijo 404. Tangu hapo tairi halikugeuka. Majani yaliota ndani ya buti.

Lakini Dufie alijifunza kuendesha katika gari lile, amekalia gunia ili aone barabara. Mara kwa mara, nyumba ikiwa tupu, alifungua boneti, akasugua plagi, akadondosha oili, akaizungusha injini kwa hendeli isije ikaganda. Hakumwambia mtu. Mwanamke mzima, muuza nyanya, anazungusha gari lililokufa! Wangemwita kichaa, na pengine wasingekosea sana.

"Binamu, niachie mimi gari hili," akasema.

"Ulifanyie nini? Sakafu imeoza, ukikaa unaona ardhi. Ukishika breki itabidi ukimbie na miguu yako mwenyewe."

"Kweli, dada," Iddrisu akaingilia. "Kulifufua hili ni sawa na kumposa ajuza. Mahari utatoa, mtoto hupati."

"Ng'ombe hazeeki maini."

"Huyu maini yameliwa na panya," akasema Dwomo. "Iddrisu, twende!"

Lori likanguruma. Dufie akamgeukia Nana Bosiako, mkuu wa ukoo, aliyeletwa kushuhudia lakini macho yake yalikuwa kwenye kinu cha fufu.

"Nana, baba mmemwambia?"

Hata Iddrisu alizima injini. Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka mkuu wa ukoo ammwagie shnapsi, pombe kali ya wahenga, na kumwarifu huko aliko. Nana alikuwa amesahau, na kila mtu aliona kwamba amesahau.

"Nilikuwa... nangoja chupa," akasema Nana.

"Chupa ninayo."

Akaileta mbio. Nana akainama kumwagia udongo, Dufie akamshika mkono taratibu.

"Nana, mpe pale alipopenda kukaa. Baba kutwa nzima kichwa chake kilikuwa ndani ya boneti."

Nana hakutaka kukosea mara ya pili mbele ya watu. Dufie akafungua boneti, akaondoa kifuniko cha kabureta. "Hapo, Nana. Kinywani."

Iddrisu alikuwa amekwisha sogea. Boneti iliyo wazi hakuweza kuipita. Akaona plagi zinavyong'aa. "Wee dada," akanong'ona, "unataka kuliwasha?"

"Nataka baba ajibu."

Iddrisu akacheka puani, akavuta nyaya kutoka betri ya lori lake, akaunga. "Mimi sijaona kitu."

"Ampem," Nana akasema akimimina, "pokea kinywaji. Mpwa wako anataka kuliuza gari lako. Kama una neno, sema."

Dufie akazungusha hendeli. Wapi.

"Amesema tuuze," Dwomo akacheka.

Akazungusha tena. Pijo ikapiga chafya.

"Anasafisha koo," akasema Iddrisu.

Dufie akakaza meno, akazungusha kwa mwili mzima. Pijo ikakohoa moshi wa buluu, kuku akaruka dirishani akipiga yowe, na injini ikanguruma. Ilinguruma kwa muda wa kumeza tonge mbili, kisha ikazimika.

Nana alikuwa amekaa chini, chupa mkononi. "Amekataa!"

"Nana, ni shnapsi imeungua!" Dwomo akapaaza sauti. "Hata kiatu ukikimwagia shnapsi kitawaka!"

"Kitawaka. Kitanguruma?" Nana akauliza.

"Mbona basi amenyamaza?"

"Mjomba wako lini aliongea zaidi ya hapo?"

Mzee Ampem alikuwa akiitikia salamu kwa nyusi.

Dufie alijua vizuri kilichoungua. Hata hivyo alikuwa amewageuzia mgongo, anajifuta uso kwa kiwiko. Dwomo akaitazama fufu iliyokuwa ikimkaukia Dufie mikononi.

"Unajua halina thamani, binamu."

"Najua."

"Litakula nyanya zako zote."

"Najua hilo pia."

"Chukua basi. Iddrisu, fungua mnyororo."

Pijo ilichukua miaka kadhaa kutengenezwa, na fedha iliyoingia humo ingenunua gari jingine zima, lenye sakafu. Inakwenda, ila mlima wa Mampong haiuwezi ikiwa imejaa. Dwomo alihamia mjini Takoradi, ana duka la rangi. Iddrisu aliacha vyuma chakavu, sasa anatafuta vipuri vya Pijo. Nana Bosiako aliitwa nyumba nyingi kumwagia magari shnapsi. Halikuwaka hata moja. Alifariki msimu wa mvua. Dufie bado anauza nyanya sokoni Effiduase.