Siku Pulchérie Aliponyoa

Mwaka ule wa vita, nywele za Pulchérie zilianza kudondoka na kuacha viduara laini kama yai. Mji mzima wa Baraka ukapata la kusema. Hata bunduki zilisahaulika kidogo. Mama Félicité, aliyetarajiwa kuwa mkwe wake, aliacha kumletea ndagala, wale dagaa wa ziwani. Pulchérie akaelewa. Mama aliogopa sida, yaani UKIMWI, na ndoa na mwanawe Albert ilikuwa mashakani.

Muganga Eugène alimtoa damu akaituma Kigoma kwa boti, maana maabara yake iliporwa hadi viti. Albert, aliyekimbilia huko, ndiye angeleta majibu. Wiki tatu zikapita kimya.

Asubuhi moja Pulchérie alichoka kujificha ndani na kitambaa chake. Akashika wembe, akanyoa zote, akaenda ziwani kuteka maji akiimba, furaha imemjaa.

Basi kwao mwanamke hanyoi kipara bure, hunyoa akifiwa. Na kila mtu alijua Pulchérie ana nani ng'ambo ya ziwa. Kabla ndoo haijajaa, habari ilimfikia Mama Félicité, naye bila kuuliza akanyolewa, akajitupa chini kwa kilio. Majirani wakaleta kuni na mihogo. Pulchérie alikuja mbio kueleza, lakini kila alipofungua mdomo bamama walimkumbatia wakamwambia alie tu.

Mchana Albert akashuka botini, akaingia uani na mfuko wake, akakuta vipara viwili vinang'aa.

"Nani amekufa?"

"Ni weye," mama yake akajibu, kisha akamrukia shingoni.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Albert akatoa karatasi, na Pulchérie akataka isomwe palepale, wote wasikie. Eugène akasoma: sida hakuna. Madini ya chuma yako chini, vitamini ya jua nayo chini, mengine sawa.

"Basoda ya mwili yake banakosea adui," akasema, akimaanisha askari wa kinga ya mwili. "Banapiga nywele yao benyewe. Munabajua basoda ba namna ile."

Akamwambia ale ndagala na mboga, atoke juani, apate nguvu. Nywele zenyewe hakuahidi. Huenda zikarudi, huenda zikakataa.

Pulchérie alijipapasa kichwa, akamtazama mkwe wake kwa hofu. Mama Félicité naye akajipapasa chake.

"Yangu itaota mbele ya yako," akasema. "Harusi ikuwe mbio, mutoto wangu, wakati tungali tunafanana."

Mihogo ya msiba ikapikwa siku ileile, kwa ndagala za Mama Félicité.